Mkono wa Koko Naisula Ndani ya Dohani

Naserian akiitwa kutazama dohani iliyopasuka, hapandi juu ya bati kwanza. Anapiga magoti sebuleni mbele ya moto uliozimwa, anaingiza mkono kwenye koo la dohani, anafumba macho, na kukaa hivyo mpaka mwenye nyumba anaanza kuona aibu, kama mtu aliyeingia chumba cha daktari bila kubisha. Kisha anautoa mkono ukiwa mweusi hadi kiwikoni na kuyatazama masizi. Yakiwa makavu na yanadondoka kama unga, moto wa nyumba hiyo unavuta vizuri. Yakiwa yanang'aa kama lami, watu hao wanachoma kuni mbichi, na anawaambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Yakiwa na michirizi, mvua inaingia. Baada ya hapo ndipo anapanda, na kule juu anagonga matofali moja moja kwa mpini wa mwiko, sikio lake likiwa karibu kabisa. Tofali zima linalia. Tofali lililokufa linakohoa.

Mjini unaweza kuishi miaka yako yote bila kuinua macho ukaona dohani, ile shingo ya matofali inayochomoza juu ya paa na kutoa moshi. Lakini huku Sambasha, na kote kwenye miteremko ya Meru, mwezi wa saba mtu anaamka na kuiona pumzi yake ikitoka mdomoni kama mvuke wa chai. Nyumba za zamani zilijengwa zikiwa na mahali pa moto ndani, na dohani huchoka kama vitu vingine vyote. Mvua inaila, jua linaila, moto wenyewe unaila kutoka ndani. Ndiyo maana Naserian hajawahi kukosa kazi, ingawa watu wanaomwona kwa mara ya kwanza, mama wa makamo mwenye shuka begani na viatu vya mpira, humuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Alifundishwa na mzee mmoja wa Kirangi aliyekuwa akiishi Kaloleni, marehemu fundi Msafiri. Wakati huo Naserian alikuwa msichana wa kubeba matofali kwenye nyumba ya shamba moja la kahawa. Msafiri alikuwa juu ya jukwaa akitaka mtu wa kumkandia chokaa na samadi mbichi ya ng'ombe, maana ndani ya dohani saruji tupu haikai, moto ukiipiga inakakamaa na kubanduka. Vibarua wanaume walishika pua na kuangaliana. Naserian alikunja gauni, akaingiza mikono, akakanda.

"Umejifunzia wapi hii?" Msafiri alimwuliza kutoka juu.

"Kwa mama."

"Mama yako ni fundi?"

Naserian alicheka sana. Kwao swali hilo lilikuwa sawa na kuuliza kama mama yake anajua kukamua. Wanawake wote aliokua akiwaona walikandika kuta zao wenyewe, na mama yake, Naisula, alikuwa na kiganja ambacho kikipita ukutani unaweza kudhani maji yamepita.

Siku hiyo Msafiri alimpa mwiko, na hakumnyang'anya tena.

Sasa kuna jambo moja ambalo majirani walikuwa wakimtania nalo. Wakati wa masika yaliyopita mgrevilia uliokuwa nyuma ya nyumba yake ulianguka, ukaipiga dohani yake mwenyewe, ukaivunja kuanzia kwenye bati kwenda juu. Matofali yakatapakaa hadi kwenye migomba. Naserian aliziba tundu kwa kipande cha bati na jiwe juu yake, akaenda kutengeneza dohani za watu. Nyumba hiyo ya matofali waliijenga pamoja na marehemu mume wake, Lesian, na tangu azikwe hakuwa na hamu ya kuwasha moto wa sebuleni na kukaa mbele yake peke yake. Binti yao, Nalepo, ameolewa Nduruma, ambako joto halimpi mtu sababu ya kufikiria dohani.

Kilichomfanya aliondoe lile bati ni kifua cha mama yake.

Koko Naisula, yaani bibi Naisula, kama anavyoitwa na kila mtu pale, alikuwa na nyumba yake ya udongo upande wa chini wa boma. Macho yake yalikwisha kuzimika taratibu, lakini ndani ya nyumba ile alitembea kama mtu anayeona. Masika yale yale yaliyoangusha mgrevilia yakaubeba ukuta wake mmoja. Basi akahamia jiko la nje, akatandika ngozi yake karibu na mafiga, na hapo akakaa, akikohoa. Jiko lile lilijaa moshi kuanzia bati hadi sakafuni. Dada Magreth, muuguzi wa zahanati, alikuja, akaweka masikio yake ya mpira mgongoni mwa bibi, akasikiliza huku na huku. Halafu akamvuta Naserian nje.

"Mama Nalepo, nitasema wazi. Kifua hiki hakitavuka baridi nyingine ndani ya moshi ule. Mtoe humo."

"Nitamtoa."

"Unasema kama mtu aliyeshajaribu."

"Nimejaribu," Naserian alisema.

Alikuwa amejaribu kweli. Alimwambia ahamie nyumba kubwa, na mama yake akamjibu kwamba nyumba kubwa ni baridi kama tumbo la chura. "Nitakuwashia moto, Yeyo," Naserian akasema. Yeyo ndilo neno lao la kumwita mama, na Naserian, pamoja na mvi zake, akilitamka sauti yake inakuwa ndogo. "Moto gani," mama yake akasema, "na mti umelala juu yake?"

Basi Naserian akajua la kufanya. Alikataa kazi za watu, akamwita Derick, kijana wa Akheri mwenye mke na watoto wake ambaye humsaidia kupanda na kubeba, wakaanza.

"Leo ndiyo nimeamini dunia inaisha," Derick alisema akiwa anafunga mirunda ya jukwaa. "Mama fundi anajitengenezea kwake."

"Funga kamba, acha kuhubiri."

"Nafunga. Lakini atanilipa nani? Maana mwenye nyumba namjua, ni mkali."

Waliivua dohani kozi kwa kozi, safu moja ya matofali baada ya nyingine, hadi walipofika kwenye matofali yanayolia. Yaliyoanguka waliyakusanya migombani, wakayakwangua chokaa ya zamani, na Derick akayazamisha kwenye pipa la maji mpaka yalipoacha kutoa mapovu, kwa sababu tofali lenye kiu hunywa maji ya chokaa na kuiacha ikiwa unga. Naserian alijenga. Kila kozi aliiteremshia timazi, akafumba jicho moja, akagonga kidogo, akafumba tena. Koko Naisula alikuwa akiletwa asubuhi kwenye kigoda chake uani, jua likimpiga magotini, na akawa anasikiliza.

"Huyo anayekanda ni nani?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni mimi, bibi. Derick. Shikamoo."

"Marahaba. Unakanda kama mtu anayekimbia mvua. Geuza kutoka chini."

Derick akageuza kutoka chini. Baadaye akamnong'oneza Naserian kwamba sasa ana mafundi wawili juu ya kichwa chake, na mmoja hata haoni, lakini anaona.

Walipomaliza juu, wakafunika dohani kofia ya matofali ili mvua isiingie moja kwa moja. Halafu Naserian akaingia ndani na kusiriba koo la dohani na kile kifua chote kinachozunguka moto, chokaa na samadi, kwa mkono, akilainisha mpaka Derick aliposema unaweza kulamba ugali hapo. Alikuwa anamfikiria mama yake wakati wote huo. Alipaka ukuta wa chumba kizima rangi ya udongo. Aliweka pale sebuleni kitanda kifupi, cha kumfaa mtu anayepapasa, akaweka na ngozi ya kondoo juu yake. Hakutaka mama yake akute kazi yoyote iliyobaki. Alitaka aingie tu, akae, ale, apate joto.

Dohani ilipokauka waliwasha. Moshi ulizunguka kidogo kama unaotafuta njia, kisha ukavutwa wote juu, na sebule ikabaki na moto tu, safi, ukilia taratibu. Derick alikimbia nje kuutazama ukitoka. Naserian akaenda kumshika mama yake mkono.

Koko Naisula aliingia. Alikaa. Alinyoosha viganja mbele, akaugeuza uso wake upande wa joto, na Naserian akaona mabega yake yakishuka.

"Ni moto mzuri," alisema.

"Ni wako, Yeyo."

Bibi alikaa kidogo tena, kisha akapapasa fimbo yake, akasimama, akatoka, akarudi jikoni kwenye moshi.

Naserian alidhani ni mazoea, atazoea. Kesho yake akamleta tena, na tena akarudi jikoni. Ukimuuliza, kila siku ana lake. Chokaa inanuka. Kule ndani sitawasikia ng'ombe. Kitanda kinalia. Derick akakipaka kitanda mafuta. Naserian akafungua dirisha la upande wa zizi. Chokaa ikaacha kunuka. Bado alfajiri alimsikia mama yake akikohoa huko nje, kikohozi kirefu kisichomalizika, kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Mwezi wa sita ulikuwa unaingia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka hadi kwenye kahawa na kukaa.

"Labda hapendi nyumba ya mkwe wake," Derick alisema. "Wazee wana mambo. Mimi bibi yangu hakukanyaga kwetu mpaka baba alipobadilisha mlango."

"Lesian alikuwa akimpenda. Mama alikuwa anakuja kunywa maziwa hapa tangu sijazaa."

"Basi mwulize."

"Nimemwuliza."

"Umemwuliza kama binti au kama fundi?"

Naserian alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamwishia.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Aliinama akaingia jikoni. Moshi ulimpiga machoni, ikabidi akae chini kabisa ambako hewa ilikuwa afadhali. Mama yake alikuwa amejikunja kwenye ngozi, mkono kifuani. Naserian hakusema habari ya kitanda wala ya dirisha. Alikaa naye tu mpaka kikohozi kilipopita, akamnywesha maziwa ya moto, akamfuta mdomo kwa pembe ya shuka.

"Yeyo. Nimekukosea nini?"

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Kule ndani," mama yake alisema mwishowe, "amesiriba nani?"

"Mimi."

"Kuta zote?"

"Zote. Na kwenye moto pia. Sikutaka uchoke."

"Naserian," mama yake alisema, polepole kabisa, "wewe ndiye uliyenifundisha mimi, au mimi ndiye niliyekufundisha wewe? Nyumba inaitwa ya nani?"

Swali lenyewe lilikuwa la mtoto mdogo. Nyumba huitwa kwa jina la mwanamke aliyeikandika. Mwanaume huchimbia nguzo, hufunga fito, lakini mpaka mkono wa mwanamke upite ukutani, hapo ni mahali tu pa kujikinga mvua.

"Ya aliyeikandika," Naserian alisema.

"Mwanamke anakandikiwa nyumba na wenzake akiwa amejifungua, hawezi kuinuka. Na akiwa amekufa, wanamziba nyufa ili watoto wake walale. Sasa mimi nilisikia mnasiriba, wewe na yule kijana wako, mnacheka, na hakuna aliyekuja kuniambia Naisula lete mkono. Nikajiuliza. Sijajifungua. Kumbe nimeshakufa, na hawajaniambia."

Alikuwa anatabasamu akisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshika shuka kwa nguvu.

Naserian alilia pale pale, na kwa bahati nzuri ndani ya moshi ule hakuna ambaye angeweza kujua kilio na moshi vinaachana wapi. Alikuwa ameijua sheria hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Aliisahau kwa sababu ya macho ya mama yake, na kwa sababu ya kumpenda, na labda kwa sababu miaka yote hii alizoea kumaliza kazi na kumkabidhi mwenye nyumba funguo.

Alitoka, akaingia sebuleni, akachukua tindo na nyundo. Derick alikuwa anafagia chokaa iliyodondoka.

"Kuna ufa?" aliuliza.

"Hakuna."

Naserian akaweka tindo kwenye kifua cha moto, pale palipokuwa laini kuliko pote, akapiga. Kipande kikubwa kikaanguka. Akapiga tena.

"Mama fundi. Mama fundi, subiri kwanza. Kazi imeshika ile. Unavunja nini?"

"Navunja ya kwangu."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Nenda zizini ukaniletee samadi mbichi. Na usiikande. Ilete hivyo hivyo."

Derick alisimama na fagio lake, akamtazama akibandua kazi ya siku nyingi, kisha akatoka. Ni mtu wa maneno mengi, lakini anajua pa kuyaacha.

Alivua siriba yote ya kifua na ya koo la dohani, juu hadi mkono wake ulipoishia, mpaka matofali mekundu yakabaki wazi. Alitandika gunia kavu mbele yake. Kisha akaenda jikoni na kusimama mlangoni.

"Yeyo. Sina mtu wa kunisiribia kwenye moto. Lete mkono."

Koko Naisula hakuinuka mara moja. Aliuliza samadi ni ya ng'ombe gani. Akaambiwa ni ya yule mwekundu. Akauliza kama majivu yamechekechwa. Akaambiwa bado. "Basi mchekeche, mnangoja nini," akasema, na huku anasema hivyo fimbo ilikuwa tayari mkononi.

Alikanda mwenyewe, ameketi kwenye gunia, miguu imenyooka mbele. Derick aliongeza maji kidogo kidogo kila alipoambiwa, na alipoongeza mengi alipigwa kidogo kwenye kifundo cha mkono. Kulikuwa na chokaa, majivu, samadi, na mikono miwili ya kizee ikigeuza kutoka chini. Naserian alitaka kumwonyesha pa kuanzia, akajizuia. Mama yake alipapasa tofali la kwanza, akaijua pembe yake, akapapasa la pili. Kisha akaanza, na kiganja chake kikapita kama zamani, ila polepole, kikitetemeka mwishoni mwa kila mvuto na kuacha alama ndogo za vidole.

Walipofika kwenye koo la dohani, Naserian alipiga magoti kando yake, akamshika kiuno ili aweze kujinyoosha. Mikono yao yote miwili ilikuwa imeingia kule juu, kwenye giza.

"Huku ndani wewe unaona?" mama yake aliuliza.

"Sioni kitu, Yeyo. Hakuna anayeona huku. Kazi yote ni ya mkono."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mkono wa bibi uliendelea kupita. "Miaka yote hii nilikuwa nawaonea huruma wenye kazi hiyo," alisema. "Kumbe ni kazi yangu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakapumzika, wakaendelea.

Kulikuwa na mawimbi. Upande wa kushoto palikuwa pamenenepa kuliko kulia. Derick alinyoosha mwiko taratibu kupasawazisha, na Naserian akamtolea jicho ambalo atalikumbuka. Mwiko ukarudi ndooni.

Hawakuwasha moto mkubwa. Waliwasha vijiti tu, vya kukausha taratibu, siku baada ya siku, na kila siku Koko Naisula alikuja kuipapasa kazi yake, kuona ni wapi pamepasuka, akalowesha kidole na kupaziba. Kwa sababu alikuwa na kazi pale, alikaa. Kwa sababu alikaa, alisinzia. Siku moja jioni Naserian alimletea maziwa akamkuta ameketi kitandani, amevua viatu.

"Kitanda hiki nani alikiweka hapa? Miguu yangu inaelekea mlangoni kama maiti. Kigeuzeni. Na yule kijana asikanyage hapo pembeni, bado ni pabichi."

Wakakigeuza.

Kikohozi hakikuisha. Hakiwezi kuisha, Magreth alikwisha kusema hivyo. Lakini kilifupika, na alfajiri Naserian alipotega sikio alipata muda mrefu wa kimya katikati, akawa anauhesabia pumzi zake mwenyewe hadi anapitiwa na usingizi. Ukungu ulishuka Sambasha, ukakaa, na dohani ya nyumba ile ilikuwa inatoa moshi mwembamba kuanzia kabla ya jogoo.

Mwezi wa saba Magreth alipanda tena na begi lake, amejifunga mtandio hadi masikioni. Alisimama barazani.

"Hodi. Hodi kwa Mama Nalepo."

"Kwa Mama Nalepo ni mlango wa nyuma," sauti ya bibi ikamjibu kutoka ndani. "Hapa ni kwa Naisula. Karibu, dada. Futa miguu."

Magreth aligeuka. Naserian alikuwa uani na ndoo ya majivu, anakwenda kuyamwaga kwenye migomba.

"Amehamia lini huyu?"

"Sijui," Naserian alisema. "Ingia umwulize mwenye nyumba."